Chama Kipi Kinastahili Ada Yako? Hesabu kwa Makumbusho ya Bahari

Makumbusho ya bahari hayana fedha za kuchezea. Mbao za jahazi huliwa na wadudu, chuma kilichotoka majini hupukutika kisipotolewa chumvi, na tanga lililotundikwa ukutani huoza kwa unyevu wa pwani. Kila shilingi iliyomo sandukuni ina kazi inayoidai. Ndiyo maana fomu ya kujiunga na chama cha kitaaluma, hata ikiwa ada yake ni ndogo, inapaswa kusomwa kwa jicho la mnunuzi: napata nini, kwa gharama gani, na je, nitakitumia?

Ulinganisho huu nimewaandikia watu wa makumbusho na nyumba za urithi wa bahari katika pwani ya Afrika Mashariki: walioko Lamu, Mombasa, Zanzibar, Bagamoyo, Kilwa, na kila kijiji ambako mzee ana stoo iliyojaa nanga, dira na picha za vyombo alivyoviunda. Nimewafikiria pia vijana waliosomea uhifadhi ambao bado hawajapata ajira. Vyama ni vingi, vingine vina sifa ya miaka hamsini, vingine ya zaidi ya mia. Si vyote vinatufaa, na kinachomfaa mmoja huenda kikawa hasara kwa mwenziwe.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Ada ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Gharama kubwa ni kukitumia chama baada ya kulipa. Kwa hiyo usichague chama kwa ukubwa wa jina lake wala kwa urahisi wa ada yake. Chagua kile ambacho mtu wako mmoja, anayejulikana kwa jina, atakifanyia kazi mwaka mzima.

Vitu vinne unavyolipia

Chama cha makumbusho, kiwe cha Paris au cha Nairobi, huuza vitu vinne.

Cha kwanza ni kadi. Kadi hufungua milango: kuingia katika makumbusho mengine bure au kwa nafuu, kupata majarida, kuhudhuria mikutano kwa bei ya mwanachama.

Cha pili ni hadhi. Taasisi inayotambulika kuwa mwanachama hukubali kufuata kanuni za maadili, na mfadhili au makumbusho yanayotaka kukuazima vitu huiangalia alama hiyo kabla ya kuandika barua.

Cha tatu ni watu. Hiki ndicho chenye thamani kubwa kwetu. Meli ya kivita ya Sweden iitwayo Vasa ilizama mwaka 1628 na kuopolewa mwaka 1961. Mbao zake zilinyunyiziwa kemikali iitwayo polietilini glikoli kwa miaka 17 ili zisipasuke zilipokuwa zikikauka. Maarifa ya namna hiyo hayaishii kwenye vitabu. Yako vichwani mwa watu waliokosea na kurekebisha kwa miongo, na chama ndicho kinachokupa njia ya kumwandikia mmoja wao na kujibiwa.

Cha nne ni kura. Mwanachama ana sauti katika kuamua nini kiitwe makumbusho, kanuni zipi zifuatwe, na mkutano ujao ufanyike wapi. Wengi hukisahau, na kwa kusahau huko mambo ya pwani yetu huamuliwa na watu ambao hawajawahi kuona mtepe, chombo chetu cha mbao zilizoshonwa kwa kamba.

Kabla ya kulinganisha vyama, jiulize ni kipi kati ya hivi vinne unachokihitaji mwaka huu. Anayehitaji watu akalipia kadi, amepoteza fedha.

ICOM: mlango mpana

Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lilianzishwa mwaka 1946 na makao yake yako Paris. Hiki ni chama cha makumbusho ya kila aina, kuanzia ya sanaa hadi ya reli. Mtu binafsi anayefanya kazi ya makumbusho anaweza kujiunga, na taasisi pia. Wanafunzi na wastaafu wana ngazi yao, kwa ada nafuu.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, jambo la kwanza la kujua ni kwamba ICOM haitozi ada moja kwa dunia nzima. Nchi zimegawanywa katika makundi kulingana na nguvu ya uchumi, na mwanachama wa nchi yenye kipato kidogo hulipa pungufu kuliko mwenzake wa Ufaransa au Japani. Kwa taasisi huangaliwa pia bajeti yake ya mwaka. Ada hupangwa upya kila mwaka, na mwaka wa uanachama ni wa kalenda: ukijiunga Oktoba, uliza kwanza kama fedha yako itahesabiwa kwa mwaka unaokwisha au kwa mwaka unaokuja.

Ombi hupitia kamati ya taifa. Palipo na kamati hai, hiyo ni faida kubwa, kwa sababu unalipa kwa watu unaoweza kuwapigia simu na kukutana nao. Nchi isiyo na kamati, ombi huenda moja kwa moja Paris. Basi, kabla ya kulipa, ulizia kamati ya nchi yako ilikutana lini mara ya mwisho na ilijadili nini. Jibu la swali hilo litakueleza zaidi kuliko kijitabu chochote cha matangazo.

ICOM inakupa nini kuhusu bahari hasa? Kuna kamati za kimataifa za fani mbalimbali. Kwa makumbusho ya bahari iliyo muhimu kuliko zote ni ya uhifadhi, ambayo ina kikundi cha wataalamu wa vitu vya asili vilivyolowa maji: mbao, kamba, ngozi. Mhifadhi wa Mombasa au Unguja mwenye kipande cha ubao kilichotoka chini ya bahari ana sababu ya kujiunga kwa ajili ya kikundi hicho peke yake. Zaidi ya hapo, ICOM ni mmoja wa waasisi wa Ngao ya Buluu, mtandao ulioundwa mwaka 1996 kulinda urithi wakati wa vita na maafa.

Upungufu wake ni ukubwa wenyewe. Katika mkutano mkuu, unaofanyika kila baada ya miaka mitatu, watu wa bahari ni wachache na husambaa. Mkutano wa Prague wa mwaka 2022 ndio uliopitisha maana mpya ya makumbusho, maana inayotaja ushiriki wa jamii na utofauti wa watu. Ule wa 2025 ulifanyika Dubai, mji ambao mtu wa pwani yetu anaufikia kwa ndege moja na ambako Waswahili wanaishi. Kwa wengi wetu huo ulikuwa wa gharama nafuu kuliko mwingine wowote wa miaka ya karibuni. Unaofuata, wa 2028, umepangiwa Rotterdam, mji wa bandari wenye makumbusho makubwa ya bahari. Atakayekwenda huko anaweza kufunga mambo mawili kwa safari moja.

ICMM: wenye bahari wenyewe

Mkutano wa Kimataifa wa Makumbusho ya Bahari, ICMM, ulianza mwaka 1972 huko Greenwich, Uingereza. Hapa kila anayekaa mezani anajua tofauti ya omo na tezi. Wanachama wake hasa ni taasisi, na moyo wa chama ni kongamano linalofanyika takriban kila baada ya miaka miwili. Kwa miaka ya karibuni limekuwa Hong Kong mwaka 2015, Valparaíso nchini Chile mwaka 2017, Stockholm na Mariehamn mwaka 2019, na Halifax nchini Kanada mwaka 2022.

Soma tena majina hayo ya miji kwa jicho la mtu anayelipa nauli kutoka Lamu. Hapo ndipo ilipo hesabu ya ICMM. Ubora wake uko katika kukutana ana kwa ana: mkurugenzi wa makumbusho makubwa ameketi karibu na msimamizi wa makumbusho madogo, wanazungumzia namna ya kutunza chombo kikubwa kisichoingia ndani ya jengo, namna ya kueleza historia ya utumwa wa baharini kwa watoto wa shule, namna ya kuzuia maji yanayopanda yasifike ghalani. Asiyekwenda hubaki na taarifa za barua pepe na jina kwenye orodha. Taarifa hizo zina faida, lakini kwa taasisi yenye bajeti finyu hazitoshi kuhalalisha ada ya miaka mingi.

Jambo jingine la kuzingatia ni masharti. ICMM ina msimamo mkali kuhusu vitu vilivyotoka katika meli zilizozama, na makumbusho yanayojiunga yanaubeba msimamo huo. Nitaurudia hapa chini, kwa sababu ndio upande wa ada usioandikwa kwa tarakimu.

ICMM ni chama shirika cha ICOM. Maana yake ni kwamba vyama hivi viwili havishindani, na anayeanza na kimoja hajajifungia kingine.

Vilivyo karibu zaidi na nyumbani

Jumuiya ya Makumbusho ya Nchi za Jumuiya ya Madola ilianza mwaka 1974. Kenya, Tanzania na Uganda ni nchi za jumuiya hiyo, na kwa miaka mingi chama hiki kimejulikana kwa mafunzo ya msingi ya kazi ya makumbusho yanayotolewa kwa mbali, yaani mwanafunzi husoma akiwa kazini kwake. Kwa mtumishi aliyepelekwa makumbusho bila kusomea fani hiyo, na wako wengi, mafunzo kama hayo yana thamani kuliko tiketi ya kongamano. Hiki si chama cha bahari, lakini hakikutoi kituoni pako, na kwa taasisi yenye watumishi wachache hiyo ni akiba kubwa.

AFRICOM, Baraza la Kimataifa la Makumbusho ya Afrika, liliundwa Lusaka mwaka 1999 na makao yake yakawa Nairobi. Wazo lake lilikuwa jema: Waafrika wazungumze wenyewe kwa wenyewe kuhusu makumbusho yao bila kupitia Ulaya. Lakini wazo jema haliwi huduma mpaka liwe na ofisi inayojibu barua. Anayeombwa ada kwa jina la chama chochote cha bara aombe kwanza taarifa ya mwaka uliopita, orodha ya viongozi waliochaguliwa, na risiti ya mwanachama mwingine. Chama kilicho hai hakitachukizwa na maswali hayo.

Kusini mwa bara kuna Chama cha Makumbusho cha Afrika Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1936, na Cape Town ina Iziko, taasisi ya makumbusho yenye mkusanyo wa vitu vya bahari. Ni majirani wa kuandikiana nao kuhusu Bahari ya Hindi, hata bila kuwa mwanachama.

Vya kutazama kwa mbali

Chama cha Makumbusho cha Uingereza ndicho kikongwe, cha mwaka 1889. Cha Marekani kilianza mwaka 1906. Vyote viwili ni vyama vya taifa, na sehemu kubwa ya huduma zake zinahusu sheria, ajira na fedha za nchi hizo. Mswahili anayefanya kazi katika makumbusho ya London au Boston ana kila sababu ya kujiunga. Aliyeko Tanga hana, isipokuwa anatafuta kozi mahususi.

Baraza la Makumbusho ya Bahari ya Marekani, CAMM, lilianza mwaka 1974 na linahudumia Amerika ya Kaskazini. Pia lipo shirika la Urithi wa Bahari wa Ulaya, linalowakusanya zaidi wenye vyombo vya jadi vinavyoendelea kusafiri. Hili la pili lina jambo moja linalotuhusu moja kwa moja, nalo ni Mkataba wa Barcelona wa mwaka 2002 kuhusu kutunza na kukarabati vyombo vya jadi vilivyo kazini. Majahazi yetu hayako makumbusho, yako baharini. Yanapakia boriti, saruji na watalii, na kila yanapopandishwa pwani hubadilishwa ubao mmoja au miwili. Mkataba huo unajaribu kujibu swali ambalo mafundi wa Lamu wanakutana nalo kila siku: chombo kibadilishwe kiasi gani kabla hakijaacha kuwa kile kile? Kuusoma hakuna ada.

Hesabu kamili, si ada peke yake

Sasa tuweke kalamu mezani. Gharama ya uanachama ina mafungu matano: ada yenyewe, makato ya benki ya kutuma fedha nje, kiingilio cha kongamano, safari pamoja na viza, nauli, malazi na posho, na siku za kazi ambazo mtumishi hayuko kituoni.

Fungu la safari ndilo linalomeza mengine. Viza ya Schengen, inayohitajika kwa Rotterdam au Stockholm, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Ada ya ombi la viza ya Marekani ya mgeni wa muda mfupi ilipandishwa hadi dola 185 Juni 2023. Fedha hizo hazirudi hata ukinyimwa viza. Ongeza kwamba aliyeko Lamu lazima afike Nairobi kuwasilisha maombi, na aliyeko Unguja au Pemba avuke hadi Dar es Salaam. Safari ya kwenda kuomba ruhusa ya kusafiri nayo ni safari: ina nauli, ina chumba cha kulala, ina chakula.

Tuchukue mfano wa kupigia hesabu tu. Tuseme ada ya chama ni dola 100 kwa mwaka, na kumpeleka mtu mmoja kongamanoni kila baada ya miaka miwili, pamoja na kila kitu, ni dola 2,500. Kwa miaka miwili utakuwa umetumia dola 2,700, na kati ya hizo ada ni 200. Yaani ada haifiki hata sehemu moja ya kumi na tatu ya gharama yote. Weka tarakimu zako halisi mahali pa zangu, na utaona kwamba picha haibadiliki sana.

Matokeo ya hesabu hii ni mawili. Kwanza, kulumbana bodini kwa wiki mbili kuhusu ada ya dola chache huku hakuna aliyepanga fedha za safari ni kupoteza wiki mbili. Pili, ukiamua kutokwenda kongamanoni, fedha ile ya safari ingeweza kufanya nini hapa hapa? Ingeweza kumleta fundi mzee anayejua kushona mbao kwa kamba za kumbi akae na vijana watano hadi waujue mshono. Ingeweza kununua mashine ya kupima unyevu na makabati ya kuhifadhia ramani. Ulinganisho wa kweli wa mnunuzi ni huu: kongamano hili dhidi ya kazi ile iliyosimama ghalani.

Simaanishi watu wasisafiri. Mtumishi aliyekwenda mara moja, akarudi na anwani tatu za wataalamu wanaojibu, na akaandika ripoti ambayo wenzake wameisoma, amelipa nauli yake mara nyingi. Ninachokipinga ni safari ya heshima: anayekwenda ni mkubwa asiyegusa vitu, na anayegusa vitu hajui hata kwamba taasisi yake ni mwanachama.

Bei isiyoandikwa kwenye fomu

Mwaka 1998 wazamiaji waliokuwa wakitafuta majongoo ya bahari karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, walikuta mabaki ya meli ya karne ya 9. Mbao zake zilikuwa zimeshonwa kwa kamba bila misumari, kwa ufundi wa Bahari ya Hindi, na ndani yake mlikuwa na vyombo vya Kichina takriban 60,000. Kampuni binafsi iliviopoa kibiashara, na hatimaye vikanunuliwa kwa ajili ya Singapore kwa takriban dola milioni 32. Makumbusho ya Smithsonian ya Washington yalipanga kuvionyesha. Mwaka 2011 wanaakiolojia na vyama vya kitaaluma walipinga, wakisema kwamba kuonyesha vitu vilivyoopolewa kibiashara ni kuwahimiza wavunaji wa meli zilizozama. Onyesho hilo likaahirishwa, na mwishowe halikufanyika Smithsonian.

Kisa hicho kinatuhusu kwa sababu meli ile ni jamaa wa mtepe wetu. Serikali ya Oman iliunda mfano wake, Johari ya Muscat, uliosafiri hadi Singapore mwaka 2010 ukiwa umeshonwa kwa kamba. Lakini kinatuhusu zaidi kwa sababu ya sharti. ICMM na CAMM huyataka makumbusho wanachama yasipokee wala kuonyesha vitu vilivyoibwa, vilivyotoroshwa, au vilivyotolewa katika maeneo ya kale yaliyochimbwa kibiashara. ICOM nayo ina kanuni zake za maadili zinazodai asili ya kila kitu ijulikane.

Pwani yetu ina wavuvi wanaonasa mitungi na mizinga katika nyavu, na ina wanunuzi wanaopita vijijini wakiulizia. Taasisi inayojiunga na vyama hivi inakubali kukataa baadhi ya vitu vizuri sana. Mbele ya mzee anayeleta mtungi wa kale na kutaka malipo, kukataa ni kugumu. Kabla ya kutia saini, kagua daftari la mkusanyo wako. Kila kitu kilichotoka majini kiwe na maelezo: kimetolewa wapi, na nani, kwa kibali gani.

Mfano wa kufuata tunao wenyewe. Meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama Mombasa mwaka 1697, wakati Ngome ya Yesu ilipokuwa imezingirwa. Kati ya mwaka 1977 na 1980 ilichimbwa chini ya maji kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Taasisi ya Akiolojia ya Bahari ya Marekani. Vitu vyake vikabaki Mombasa na vimeonyeshwa ngomeni. Mkusanyo wenye historia safi kama huo huingia katika chama chochote duniani kwa kichwa kilichoinuka.

Vinavyopatikana bila ada

Mambo mengi mazuri hayadai uanachama. Kanuni za Maadili za ICOM zinapatikana bure. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi wa kitamaduni ulio chini ya maji, ulioanza kutumika Januari 2009, una kiambatisho chenye kanuni za kazi ambazo makumbusho yoyote yanaweza kuzifuata hata kama nchi haijaridhia.

Kuna pia njia ya mradi wa pamoja. Meli ya watumwa São José iliondoka Msumbiji kwenda Brazil ikazama karibu na Cape Town mwaka 1794, na watu zaidi ya 200 waliokuwa wamefungwa ndani yake wakafa. Mabaki yake yalitambuliwa kupitia mradi unaounganisha Iziko, Smithsonian, Chuo Kikuu cha George Washington na washirika wengine, na habari zake zikatangazwa mwaka 2015. Kazi hiyo imefanyika Msumbiji pia, kwenye pwani ile ile ya Waswahili na Wamakua. Washirika hao hawakukutanishwa na kadi ya uanachama. Walikutanishwa na swali moja la kazi. Makumbusho madogo yenye swali zuri na daftari safi yanaweza kualikwa mezani bila kulipa ada popote.

Na mafunzo? Mombasa iliwahi kuwa kitovu cha mafunzo ya uhifadhi kwa nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza, kupitia kituo kilichozaliwa na mpango wa ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi, wa kuwafundisha watu wa makumbusho ya Afrika. Wengi waliopita hapo bado wako kazini au wamestaafu karibu nasi. Kuwatafuta ni gharama ya simu.

Hukumu yangu, kwa kila mnunuzi

Ukiwa kijana au mtumishi unayelipa kutoka mfukoni mwako, anza na ICOM kwa ada ya mtu binafsi, au ya mwanafunzi kama bado unasoma. Jiandikishe katika kamati ya uhifadhi, na uandike barua kwa mtaalamu mmoja kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Usipokuwa na nia ya kuandika barua hiyo, usilipe.

Ukiwa makumbusho ya serikali yenye vitu vilivyotoka chini ya maji, lipia ICOM kama taasisi, halafu ingia ICMM ikiwa bodi imetenga fedha za kumpeleka mhifadhi, si mkurugenzi peke yake, angalau katika kongamano moja kati ya mawili. Bila fungu hilo, subiri.

Ukiwa nyumba ya urithi ya kijiji au mkusanyo wa familia, usilipe chama cha nje bado. Fedha ya kwanza iende kwenye daftari la vitu, picha za kila kitu, na paa lisilovuja. Kisha yaombe makumbusho makubwa yaliyo karibu nawe yawe walezi wako, ili maswali yako yapite kwao.

Ukiwa na watumishi wasiosomea fani, tazama kwanza Jumuiya ya Makumbusho ya Nchi za Jumuiya ya Madola kwa ajili ya mafunzo. Ukiwa Ulaya au Marekani, chama cha taifa unakoishi ndicho chako, na ukumbuke nyumbani kwa kuwatafsiria wenzako unachojifunza.

Ukiwa fundi wa majahazi, sina chama cha kukuonyesha. Vyama vyote nilivyovitaja viliundwa kwa ajili ya wanaotunza vyombo, si kwa ajili ya wanaoviunda. Kwangu mimi hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika ulinganisho huu. Mwaka 2003 Zanzibar iliundiwa mfano wa mtepe, Shungwaya, ukawekwa ndani ya jumba la makumbusho la Beit al Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Kilichowezesha chombo kile kuwapo ni mikono iliyojua mshono, na mikono hiyo haina kadi ya mtu yeyote.

Wazee wa pwani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tumezunguka Paris, Greenwich na Halifax, na tunarudi hapa. Lamu, Mombasa, Tanga, Bagamoyo, Unguja, Pemba na Kilwa zina bahari moja, vyombo vya asili moja na lugha moja. Hakuna kinachozuia makumbusho ya miji hiyo kuchangia ada moja ya ICMM, kumpeleka mjumbe mmoja kwa zamu, na kukutana wenyewe mara moja kwa mwaka kwa nauli ya basi na boti, mafundi wakiwa wanachama kamili tangu siku ya kwanza. Wakurugenzi mnaosoma haya, andikianeni kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa. Chama hicho kitakuwa cha gharama ndogo kuliko vyote nilivyovilinganisha, na ndicho tunachokihitaji zaidi.